Shangazi, nimwachie shemeji ashinde?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 34, naishi Tabata, Dar es Salaam, nimeoa na nina mtoto mmoja. Kwa zaidi ya mwaka sasa tunakutana kila Jumamosi usiku nyumbani kwa rafiki yetu kucheza poka, ile ya Texas Hold'em: kila mtu anapewa karata mbili za siri, halafu tano zinafunuliwa mezani kwa matumizi ya wote. Si kasino wala si genge la wahuni. Sasa tuko saba: fundi simu, mwalimu, wawili wanaofanya kazi bandarini, mwenye nyumba, mimi na shemeji yangu. Kila mmoja anaingia na shilingi 20,000, na ukiishiwa unaruhusiwa kununua chipu nyingine, vile vipande tunavyowekea dau badala ya pesa.

Tatizo langu ni huyo shemeji. Ni kaka mkubwa wa mke wangu, ndiye aliyenitetea kwao wakati wa posa, na mpaka leo namwamkia shikamoo. Mwezi wa tatu mkataba wake wa kazi uliisha, akawa anashinda nyumbani. Mimi ndiye niliyemwambia aje tucheze naye apunguze mawazo. Sasa, Shangazi, shemeji hajui kutupa karata, yaani kujitoa kwenye mgao. Akipewa mbili na saba, anafuata, yaani analipa dau abaki mchezoni. Ukiongeza dau, anafuata. Kila mara anasema, "Hii ya mwisho inakuja yangu." Katika miezi miwili iliyopita amepoteza kama 340,000, na mimi nimepata kama 410,000. Najua kwa sababu naandika kwenye simu.

Akiishiwa ananigeukia mimi, na siwezi kumnyima mbele za watu. Nimeshamkopesha jumla ya 150,000. Na niseme ukweli, zaidi ya nusu ya pesa hizo zilirudi kwangu usiku uleule kwa sababu nilizishinda. Deni lake bado nimeliandika.

Roho ikaanza kunisuta, nikaanza kumwachia. Jumamosi mbili zilizopita nilikuwa na tisa mbili mkononi. Mezani zikafunuka tisa, nne na Q, ya nne ikaja nne nyingine, ya tano J. Yaani nina fulu hausi, tisa tatu na nne mbili. Tulikuwa tumebaki watatu, mimi, shemeji na fundi simu, kila mmoja ameshaweka 12,000. Katikati pana kama 37,000. Shemeji akasukuma 6,000 zake za mwisho, fundi akatupa, na mimi nikatupa. Shemeji akafunua Q na J kwa furaha, jozi mbili tu ambazo fulu hausi inazishinda, akavuta pesa. Bahati mbaya karata yangu moja ilikuwa imegeuka wakati naitupa. Fundi akaiona tisa, akatazama mezani, akanyamaza. Baadaye tunatoka akaniambia, "Ndugu yangu, meza hii ina ndoa ndani yake." Jumamosi iliyopita hakuja.

Mke wangu naye ameniuliza usiku, "Kaka yangu umemla kiasi gani?" Sikumjibu. Kwake yeye hii yote ni kamari na anataka niache.

Naomba unisaidie. Ni kosa kumwonea huruma ndugu mezani, ilhali pesa ninayopoteza ni yangu mwenyewe? Nimfundishe kucheza? Deni nilidai au niache? Wenzangu wananiambia nina kipaji, niende kasino nikajaribu wakubwa, na mimi naanza kuona kama kweli. Na dogo la mwisho: mwenye nyumba anataka kuanza kukata 1,000 kwenye kila rundo kubwa la pesa za mezani kwa ajili ya umeme na chakula. Tukubali?

Mchezaji wa Jumamosi, Tabata

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu. Usimwachie. Hata mara moja, hata kwenye mgao mdogo. Nakupa jibu kwanza ili unaposoma sababu usifikiri kuna mlango nitakufungulia mbele.

Naelewa ulikoitoa huruma hiyo. Sisi tuliokulia pwani tumejifunza karata barazani, wanne, wawili kwa wawili, mwenzako amekaa mbele yako. Pale kumsaidia mwenzako ndio mchezo wenyewe. Unamtupia ree anapokuwa na hakika ya kuchukua, unamkatia kwa turufu anapobanwa, na mkishinda mmeshinda nyote. Mtu asiyembeba mwenzake anaitwa mchoyo, na hapati wa kucheza naye. Wewe umeichukua adabu hiyo nzuri ukaipeleka kwenye meza ambayo haina wenza. Katika poka kila mtu amekaa peke yake. Watu saba ni pande saba, na kila aliyeweka pesa yake katikati ameiweka kwa imani kwamba wengine sita wote ni wapinzani wake, na pia ni wapinzani wao kwa wao. Ukiwa na mwenza wa siri, umeivunja imani hiyo.

Utaniambia kwamba fundi hakupoteza chochote kwa kitendo chako, maana 12,000 zake zingekwenda kwako badala ya kwa shemeji. Kwa mgao ule mmoja, sawa. Lakini fikiria fundi anacheza nini. Hachezi karata zake tu, anasoma madau. Ukipita bila kuongeza, anajiuliza kama huna kitu. Ukiongeza, anajiuliza umeshika nini. Kila uamuzi wake unasimama juu ya dhana kwamba dau lako lina maana. Sasa amegundua kwamba shemeji akiwa ndani, dau lako halina maana tena. Unaweza kuwa na karata kubwa ukapita, unaweza kutupa fulu hausi. Kwa hiyo migao yote ya nyuma ameanza kuirudia kichwani, na ya mbele hataki kuiona. Na hebu tazama hesabu yenyewe: ulitakiwa kulipa 6,000 ili upate 43,000. Hata mtu anayetegemea kushinda mara moja katika nane angelipa. Wewe ulikuwa na fulu hausi. Mchezaji yeyote aliyeona ile tisa alijua palepale kwamba hukukosea. Ulikusudia.

Mashindano makubwa ya poka yana kanuni juu ya jambo hili. Mchezaji akibainika kucheza laini, yaani kumwachia ndugu au rafiki, anaadhibiwa, na anaweza kutolewa mashindanoni kabisa. Hawasubiri kuthibitisha kama kulikuwa na mpango wa kugawana pesa. Kanuni haiulizi kama moyo wako ulikuwa mwema.

Na shemeji mwenyewe umemfanyia nini? Alifunua Q na J kwa furaha, ukasema. Mtu aliyepoteza kazi, mwenye umri kukuzidi, amefurahi kwa ushindi ambao wewe unajua haukuwa wake, na kuanzia sasa fundi naye anajua. Siku itamfikia. Meza ya watu saba haina siri ya miezi mitatu.

Sasa nije kwenye mkopo, maana hapo ndipo barua yako iliponiuma.

Unamkopesha mtu pesa katikati ya mchezo. Unakaa tena kwenye kiti chako. Unazishinda pesa zilezile. Usiku unakwisha, pesa zipo mfukoni mwako, na jina lake lipo kwenye simu yako kwamba anadaiwa. Soma tena polepole. Kwa kila shilingi ya namna hiyo umebaki na mbili: moja taslimu na moja ya deni. Najua hukupanga iwe hivyo, ulikuwa unamsitiri mbele za watu. Lakini angekuja hapa msomaji mwingine akanieleza kwamba bwana mmoja mtaani kwake anawakopesha wanaoshindwa mezani kisha anawala, wewe na mimi tungemwita jina baya.

Mchezo wenyewe unajua hatari hiyo. Kasino zinazoendesha poka ya pesa taslimu kwa kawaida zinafuata kanuni moja ya zamani, kwamba mgao unapoanza mtu anacheza na kilicho mbele yake mezani tu. Hatoi pochi katikati ya mgao, haweki funguo za gari, haandiki kikaratasi cha deni. Kanuni hiyo imewekwa kwa sababu mtu aliyeshika karata anazozipenda yuko tayari kuahidi chochote. Ninyi mliruhusu kununua chipu tena bila kikomo, na wewe ukawa benki. Shemeji hakuwa na mahali popote pa kusimama.

Kwa hiyo deni lifute. Lote, 150,000, usilikate nusu. Na usimwambie "nimekusamehe", maana hapo unakuwa mkubwa na yeye mdogo, na nyumba yenu haikukaa hivyo. Mwambie, "Shemeji, zile pesa tulizopeana mezani si deni. Sikupaswa kukukopesha huku nacheza dhidi yako. Nimezifuta, na mezani sitakopesha tena mtu yeyote." Akikataa kwa heshima yake, akasema atalipa, msikilize, lakini usizipokee. Akiwa na shida ya chakula au ya ada, hiyo ni shida ya ndugu, saidianeni Jumatatu mchana kama ndugu, mbali na karata.

Kuhusu kipaji chako, mwanangu, nitasema wazi kwa sababu nakutakia mema. Umepata 410,000, shemeji amepoteza 340,000. Hata kama si zote zilizokuja kwako, ni wazi kwamba sehemu kubwa ya ushindi wako ina jina la mtu mmoja. Kumshinda anayefuata kila dau ni jambo rahisi kuliko yote katika poka: huhitaji kumpiga blafu, yaani kumtisha kwa dau huku huna kitu, unasubiri karata nzuri, unaongeza dau, yeye analipa. Mtoe shemeji katika hesabu yako ya simu, uone kilichobaki dhidi ya wale watano. Na miezi miwili ya Jumamosi ni michache mno. Bahati peke yake inaweza kumbeba mtu au kumzamisha kwa muda mrefu kuliko huo, hata akiwa anacheza vilevile.

Najua simulizi zinazozunguka. Mwaka 2003 mhasibu wa Marekani, Chris Moneymaker, aliingia kwa njia ya shindano dogo la mtandaoni, akashinda taji kuu la World Series of Poker kule Las Vegas, na dola milioni 2.5. Ni kweli, na tangu siku hiyo maelfu wameacha kulala. Lakini jua na habari ya Stu Ungar. Alilishinda taji hilohilo mara tatu, 1980, 1981 na 1997. Wengi waliocheza naye walimtaja kuwa miongoni mwa wenye kipaji kikubwa kabisa kuwahi kukaa mezani. Novemba 1998 alikutwa amefariki katika chumba cha hoteli ya bei nafuu Las Vegas, akiwa na miaka 45, na mamilioni aliyoshinda yalikuwa yameshakwisha kwenye farasi, kamari nyingine na dawa za kulevya. Kasino utakutana na watu wanaotupa karata, na nyumba itakata sehemu yake bila kujali nani kashinda. Ukitaka kwenda siku moja kuangalia, nenda na kiasi ulichokwisha kukiaga. Kazi usiiguse.

Kumfundisha? Ndiyo, mfundishe, ila si mezani. Wakati mgao unaendelea kila mtu anaamua karata zake peke yake. Ukimnong'oneza, umerudi kulekule kwa ndoa ya fundi. Kaeni siku ya kazi, bila pesa, mumwage karata juu ya meza na kumwonesha.

Anza na kutupa. Ndilo somo kubwa, na ndilo linaloumiza, kwa sababu mtu aliyetoka nyumbani kuja kucheza anaona kutupa ni kama kukaa nje. Karata mbili za mwanzo zinaweza kuja kwa namna 1,326. Mchezaji makini kwenye meza ya watu saba anaingia na kama robo tu ya karata anazopewa, akiwa wa kwanza kuongea anaingia na chache zaidi, akiwa wa mwisho anajipa uhuru kidogo kwa sababu ameshaona wenzake wamefanya nini. Mbili na saba za alama tofauti (kama kopa na shupaza) ndizo mbovu kuliko zote. Ree mbili, ambazo ndizo bora kuliko zote, huja kwa wastani mara moja katika migao 221. Na hata hizo mwoneshe zinavyofanya kazi: mbele ya mtu mmoja mwenye karata zozote zinashinda takriban mara 85 katika 100, lakini mbele ya watu watano waliofuata wote mpaka mwisho, ni kama nusu tu. Ndiyo maana mwenye karata nzuri anaongeza dau mapema, apunguze watu. Shemeji anayefuata na kila kitu anajiweka upande mbovu wa hesabu hiyo kila mara.

Halafu mpeleke kwenye ile "ya mwisho inakuja yangu". Mpe kopa mbili mkononi, mezani weka kopa mbili na karata nyingine moja. Anahitaji kopa moja zaidi apate flashi, yaani karata tano za alama moja. Kopa ziko 13, nne anaziona, zimebaki tisa. Karata asizoziona ni 47. Karata inayofuata itakuwa kopa mara tisa katika 47, yaani chini kidogo ya moja katika tano. Akipewa nafasi ya kuona karata zote mbili zilizobaki, ni takriban 35 katika 100. Sasa weka 8,000 katikati, jifanye mpinzani, mtake alipe 8,000. Analipa 8,000 kutafuta 16,000. Ili isimtie hasara anatakiwa kushinda theluthi moja ya mara, na kwa karata moja inayofuata ana moja katika tano tu. Atupe. Badilisha dau liwe 2,000: analipa 2,000 kutafuta 10,000, anatakiwa kushinda mara moja katika sita. Afuate, bila woga. Karata ni zilezile na kopa ni zilezile, kilichobadilika ni bei. Nimewaona watu wazima wakifurahi kama wanafunzi siku wanapoiona hesabu hii, kwa sababu kumbe kutupa si uoga na kufuata si ushujaa. Mrudishie mara kumi kwa mifano tofauti mpaka aanze kukwambia jibu kabla hujauliza.

Lakini usitegemee somo peke yake. Nina shaka kama shemeji anafuata kwa sababu hajui. Mtu ambaye kazi yake iliisha mwezi wa tatu anataka kitu kimoja kiende upande wake. Anataka pia kukaa na wanaume wenzake usiku mmoja kwa wiki akiwa mchezaji, si mtu anayetafuta kazi. Kila akitupa karata anabaki na mawazo yake. Hilo hesabu haitaliponya, na ndiyo maana sikushauri kumfukuza mezani. Ungemnyang'anya 340,000 na wenzake pia.

Ushauri wangu ni kubadilisha mchezo, si kumbadilisha yeye. Acheni mtindo wa kununua chipu tena na tena. Chezeni kwa mtindo wa mashindano. Kila mtu analipa 5,000 mlangoni, anapewa chipu 3,000 ambazo hazina thamani ya shilingi, na zikikwisha umetoka, hakuna kununua nyingine. Madau ya lazima, yale ambayo wachezaji wawili huweka kabla ya karata kugawiwa, anzeni na 25 na 50, yapandisheni kila dakika 20, na kwa watu saba mchezo utakwisha kabla hamjachoka. Jumla ni 35,000: wa kwanza apate 20,000, wa pili 10,000, wa tatu arudishiwe 5,000 yake. Kwa mtindo huu mtu hawezi kupoteza zaidi ya 5,000 kwa usiku, awe amechoka, amekasirika au anajaribu kurudisha za wiki iliyopita. Hakuna wa kukopwa, maana hakuna cha kununua. Na waliotoka mapema wasikae kwenye kochi na simu. Wekeni meza ya pili, karata zetu za turufu, wawili kwa wawili, bila hata shilingi. Pale mbebe shemeji kadiri unavyoweza. Keti mbele yake uwe mwenza wake.

Pendekezo hilo litoe wewe, kwa sababu wewe ndiye unayeshinda. Likitoka kwa mshindi halimdhalilishi mtu. Lakini kabla ya hapo una neno la kusema na fundi, na ulipeleke kwake kabla ya Jumamosi, dukani kwake, ana kwa ana. Mwambie ulitupa fulu hausi kwa makusudi na kwamba halitarudiwa. Usimpe 12,000, asije akafikiri unanunua ukimya wake, na hata hivyo pesa hiyo angeipoteza kwa mchezo wa haki. Anachokudai ni neno lako. Kisha liseme mbele ya wote kabla karata hazijachangwa, bila kumtaja shemeji: "Kuna mgao nilicheza laini. Lilikuwa kosa langu." Watu wazima watajua, na hawatauliza.

Na shemeji, zungumza naye siku nyingine kabisa, mkiwa wawili. Muulize na jambo ambalo barua yako haikuligusa: anacheza na mikeka? Mtu anayesema "ya mwisho inakuja yangu" kwenye karata mara nyingi anasema hivyohivyo kwenye simu usiku wa mechi. Ukikuta anakopa kwingine, anaficha, anauza vitu vya nyumbani, au hawezi kulala mpaka arudishe alichopoteza, basi Jumamosi yenu ni sehemu ndogo tu ya tatizo, na hata 5,000 ya mlangoni ni nyingi. Hapo mchezo wa pesa kwake usimame, na atafutiwe mtu anayemheshimu wa kukaa naye, mzee wa ukoo, kiongozi wake wa dini, au mtaalamu wa ushauri hospitalini. Usibebe mzigo huo peke yako kwa kuwa tu wewe ndiye uliyemwalika.

Mke wako mjibu leo. Amekuuliza kiasi, mwambie kiasi: 340,000 amepoteza kwa jumla, 150,000 ulimkopesha, deni umelifuta. Itakuwa jioni ngumu. Itakuwa ngumu zaidi akiyasikia kutoka kwa kaka yake. Amekwambia kwamba kwake hii ni kamari, na kama hilo ni suala la imani yenu, kubadilisha mtindo wa kucheza hakulijibu. Nisingependa uutumie ushauri wangu wa 5,000 kumzima. Kaeni mlizungumze kama wenye nyumba moja. Ninyi wawili mkiamua uache, uache, ubaki na ile meza ya turufu.

La mwenye nyumba: msikubali. Chukulia mnacheza saa tano, migao 20 kwa saa. Hiyo ni migao 100. Robo tu yake ikiwa na rundo kubwa, ameondoka na 25,000 kwa usiku, zaidi ya alivyoingia nazo mchezaji yeyote kati yenu, na yeye hapotezi. Zaidi ya hapo, anayekata sehemu ya pesa za wachezaji ameanza kuendesha biashara ya michezo ya kubahatisha, na biashara hiyo hapa Tanzania inahitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Umeme na chakula ni haki yake, asigharimike peke yake. Changeni 3,000 kila mmoja mlangoni, iwe ya pilau na luku, ihesabiwe mbali na ile 5,000, na asiguse rundo.